Spana ya Upande Mmoja

Kurasa mia nne na kumi na mbili
zililetwa ukumbini kwa toroli la saruji,
maana Wilmar alitaka tucheke kwanza.
Tukacheka. Kisha Zulma akavaa miwani.

Zulma husoma mita za maji hapa Salto.
Miaka ishirini na sita akikimbizwa na mbwa,
hajawahi kusimama.
Neno moja tu lilimsimamisha: *huduma huria*.
"Nani alizitia pingu," akauliza,
"hata waje kuzifungua?"

Kibuyu cha majani machungu kilikuwa kikizunguka,
mrija mmoja, midomo thelathini na sita.

Ukurasa wa mia tatu na tisa, herufi za sisimizi:
nchi ikishafungua, haitafunga tena.
Ikiuza bomba, haitalirudisha.
Ikijuta, italipia majuto yake
mbele ya waamuzi watatu, hotelini,
katika mji ambao hakuna kati yetu
aliyewahi hata kuupita kwa basi.

Mimi si msomi. Mimi ni fundi bomba.
Nikafungua sanduku langu, nikatoa spana,
ile yenye meno tumboni.
Nikaizungusha hewani: trrr, trrr,
inakaza kwenda, inateleza kurudi.
"Lakini hii ina kitufe," nikasema,
nikakibonyeza, ikageuka.
"Aliyeiunda alijua kuwa mkono hukosea.
Hawa waliong'oa kitufe, walijua nini?"

Braian akainuka nyuma, karibu na mlango.
Ana miaka ishirini na mbili, babake yuko machinjioni.
"Nyama ikikosa soko," alisema,
"baba hukaa jikoni akiiangalia simu.
Mkataba huo mnaoutukana ndio utakaompigia."
Hatukumzomea.
Njaa nayo ni hoja, na haina kiambatisho.
Zulma alivua miwani, akaifuta,
akaivaa tena bila kusema kitu.

Tukapiga kura. Thelathini na moja wakakataa,
wanne wakakubali,
na mmoja alikuwa amelala, zamu ya usiku imemla.
Tukaandika barua kwa waziri, tukapanga siku ya mgomo,
tukabishana nusu saa kuhusu rangi ya bango.

Halafu simu. Bomba limepasuka mtaa wa hospitali,
maji yanaingia chumba cha wazazi.
Barua ikabaki mezani, wino haujakauka.
Tukaenda, waliokataa na waliokubali,
hata yule wa usingizi, shati nje nje.

Shimoni maji yalikuwa hadi kiunoni, baridi ya Julai.
Hakuna aliyeuliza ni ya nani.
Braian alinishikia tochi, meno yakimgongana.
"Nipe spana," nikamwambia.
Akaipapasa sandukuni, akaiinua kwenye mwanga,
na kabla hajaniachia
akatazama kama kitufe kipo.