Zamu ya Usiku

Nilistaafu mwezi wa sita, na mikono yangu haikuambiwa.
Saa nane za usiku bado ilikuwa inaamka,
ikipapasa glavu gizani, hapa Walukuba.

Drani, kijana wa fundi redio, akanihurumia.
Alikata vioo vya madirisha ya kiwanda kilichofungwa,
akavigandisha kwa gundi, akaniletea gapi sita kutoka Kampala
ndani ya mfuko wa plastiki, kaupakata njia nzima.
Usiku wa kwanza kioo kikavuja.
Tulikesha, gapi na mimi:
wao ndani ya sufuria ya posho, mimi na tambara mkononi.

"Hawa unawala lini?" akauliza Mama Kagoya.
Jinja hii, ziwa liko mlangoni, sangara wa kilo kumi,
nami nafuga samaki asiyejaza jino!
Sikumjibu. Nilikuwa namtazama dume
akitandaza mkia mwekundu wenye madoa ya samawati
kama aliyeazima gomesi ya harusi,
anatetemeka mbele ya jike wa kijivu, mzito, mwenye njaa,
asiye na habari naye.

Nimejifunza. Maji ya bomba hulala siku mbili kwenye jerikani
hadi dawa itoke. Mukene mkavu husagwa kwa vidole.
Dume mmoja kwa majike watatu, la sivyo watawakimbiza
mpaka mapezi yachanike.

Na doa. Jike ana doa jeusi karibu na mkia,
hukolea siku hadi siku, mpaka jioni moja
unainama na tochi, unaona macho ndani ya ngozi,
mengi, madogo kama mbegu za mchicha.
Miaka thelathini na mmoja niliweka pembe ya mti
juu ya matumbo, nikasikiliza nisichokiona.
Hapa naona nisichokisikia.

Hatagi mayai. Anazaa mtoto mzima, aliyekunjwa;
anaanguka kidogo, anajikunjua, anaogelea.
Hakuna kilio. Hakuna kitovu cha kukata.
Halafu mama anageuka, anamwona, anammeza.

Mara ya kwanza nilikipiga kioo kofi.
"Mwanamke gani wewe!"
Na sauti ikanirudia kutoka mbali,
kutoka kitanda cha saba, mwaka ule wa mvua kubwa,
kwa Namukose wa Bugembe, miaka kumi na minne,
aliyegeukia ukuta, akakataa kumtazama mwanawe.
Nilimwambia maneno yayo hayo.
Nilikuwa nimechoka, zamu ilikuwa na wazazi kumi na tisa.
Si sababu. Naitaja tu.

Siku hizi naenda Masese, navuta gugu maji,
lile lile wanalolilaani wavuvi,
nalisuuza, naliacha lielee.
Mizizi yake inaning'inia kama nywele zisizochanwa
na vitoto vinajua njia.
Mama simzuii. Simsemi.
Namlisha kiini cha yai kabla ya uchungu,
maana aliyeshiba hawindi.
Nani alimuuliza Namukose kama amekula?

Jana umeme ukakatika.
Bwawa liko pale pale mtoni, linawasha taa za wengine.
Pampu ikanyamaza, gapi wakapanda juu, midomo nje.
Nikashika kikombe. Nachota, namimina kwa mbali,
nachota, namimina, hewa iingie na mapovu,
saa nane, saa tisa, saa kumi.
Mikono haikulalamika. Ilikuwa imerudi kazini.

Kulipokucha nilihesabu kwenye mizizi: kumi na mmoja.
Nikahesabu tena: tisa.
Mara ya tatu Drani akabisha hodi, hesabu ikanipotea.
"Kuna habari?"
"Vua viatu," nikamwambia, "ingia polepole.
Mzazi amepumzika."