Swali la Saba

Mwalimu Neva Komac aliingia darasani nywele zikidondosha maji,
Februari, theluji ikiwa imefika kwenye vizingiti vya madirisha,
akafuta ubao kwa mkono wa sweta,
akauliza nani hakufanya kazi ya nyumbani.
Hatukumuuliza ametoka wapi.
Kayaki ilikuwa nje, juu ya paa la gari lake kuukuu,
ikiumwaga Mto Soča tone kwa tone kwenye uwanja wa shule.

Alikuwa mwalimu wa hesabu.
Nasema hivi kwa sababu watu husahau.
Humkumbuka kwa kamba na kulabu, kwa magoti yenye makovu,
kwa asubuhi ile aliyoshuka mlima Kanin kwa skii
akampita kasisi barabarani, kasisi akavua kofia.
Lakini viganja vyake vilikuwa vyeupe juma zima:
Jumamosi na Jumapili kwa chaki ya wapanda miamba,
siku tano kwa chaki yetu,
nami sikuwahi kuuona mpaka kati ya chaki hizo mbili.

Mteremko, alisema, haukai kitabuni.
Akatutoa nje, watoto kumi na tisa na rula moja ya mbao,
tukapime kilima cha nyuma ya kanisa:
kupanda kwako, gawa kwa kwenda kwako.
Žiga akapata jibu. Mimi nikapata mafua.
Kisha akatufundisha kuanguka.
Kabla ya kuteleza, kabla ya kukata kona,
kuanguka: kwa ubavu, mikono kifuani, mdomo umefungwa.
"Anayeogopa kuanguka huanguka vibaya."
Tulianguka saa nzima. Tinkara alicheka hadi akalia.

Mimi nilikuwa mnene, na mwoga wa maji.
Alilijua hilo bila kuambiwa.
Mwezi Mei, penye maji yaliyotulia chini ya daraja la kamba,
alinikalisha kwenye kayaki, akaishika mkia
kama mtu ashikavyo baiskeli ya mtoto,
akawa ananiuliza thuluthi na robo, robo na sudusi,
na nilipogeuka kumjibu
alikuwa amebaki nyuma, mbali, maji yakimfika kiunoni,
mikono yote miwili hewani.

Kijijini walikuwa wameshamzika mara nyingi.
Mto utamla huyo, alisema mwuza mikate.
Mlima, alisema mumewe.
Waliwekeana dau kabisa, maji au jiwe,
naye alinunua mkate kwao kila asubuhi
na kuuliza dau limefika ngapi.

Ikawa Jumanne.
Ikawa foleni ya posta, watu wawili mbele yake,
mkononi bili ya umeme.
Mshipa mmoja kichwani, mwembamba kuliko uzi wa kushonea.
Miaka thelathini na mitatu.
Hakuanguka kwa ubavu.
Mauti hayakubisha hodi, hayakuvaa hata viatu vya mlimani,
yalipanga foleni kama mtu yeyote.

Dau hakuna aliyelichukua.

Wenzake wa miambani walilishusha jeneza kwa kamba yake mwenyewe,
ile ya buluu, iliyochakaa katikati.
Wengine walitazama ua, wengine walimtazama mama yake.
Mimi nilitazama fundo. Lilikuwa limefungwa sawasawa.

Baada ya wiki mbili mwalimu mkuu alituletea madaftari
ndani ya boksi la viatu.
Alikuwa ameyashika usiku wa Jumatatu.
Langu limetiwa vema hadi swali la sita,
wino mwekundu, mkia wa kila vema ukipanda
hadi kuvuka mstari wa juu.
Swali la saba halina kitu.
Labda usingizi. Labda simu.

Sasa nina miaka thelathini na sita.
Nimempita mwalimu wangu kwa miaka mitatu
na bado nageuka nyuma kumtazama.
Kazi yangu ni kujenga madaraja;
hesabu ile naweza kuifanya usingizini.
Jibu langu ni kosa. Nilisahau kugawa.
Kalamu nyekundu ninayo.
Sijaligusa.