Pointi za Koo

Miaka thelathini na mmoja baba yangu, Mihayo,
alishika pointi stesheni ya Tabora:
gari la Mwanza huku, la Kigoma kule,
la Mpanda lingoje.
Mkono mmoja kwenye mtaimbo, mwingine kwenye taa,
na hakuna behewa hata moja
lililowahi kuingia njia isiyo yake.
Hata siku ile ya mvua ya mawe, husema.
Hasa siku ile.

Juzi mezani, nyumbani kwetu Cheyo,
tonge la ugali na mlenda lilichepuka.
Akainama, macho yakamwiva,
mshipa wa shingo ukasimama,
na kikohozi hakiji.
Kikohozi chake cha zamani kilikuwa askari,
kilifika kabla ya mwizi.
Cha siku hizi kinaitwa,
kinaitika,
kisha kinatafuta viatu.

Kitete, Sista Nyamizi alimgusa kooni kwa kijiti.
Mtu mwingine angeruka, angetapika.
Baba alimtazama tu, kama anayesubiri swali.
“Hana donda, hana uvimbe,” akaniambia.
“Ni kidakatonge. Kimezeeka pamoja naye.
Zamani chakula kikipita, mlango wa pumzi
ulijifunga wenyewe, tap!
Sasa mlinzi anasikia hodi, ananyanyuka taratibu.”

Baba akacheka, cheko la kwanza tangu masika.
“Kumbe nina stesheni humu ndani,
na pointimani wake ni mzee kuliko mimi!”

Basi tuna taratibu zetu.
Chai nyepesi, hapana.
Nani angejua kuwa maji, yasiyo na mfupa,
ndiyo yanayokaba kuliko nyama?
Yana mbio, hayangoji zamu.
Uji mzito wa mtama,
asali ya Sikonge ikijiburuta juu yake.
Kaa wima. Kidevu kifuani.
Tonge dogo, kama la mtoto anayedokoa.
Redio izimwe.
Asiulizwe jambo akiwa na kitu mdomoni,
hata kama ni habari ya pensheni.

Kisha hunyanyua vidole viwili:
bendera ya kijani.
Nyumba nzima inanyamaza.
Kikoromeo kinapanda, kinasita
(hapo ndipo mke wangu hushika ukingo wa meza)
kinatua.
“Limepita,” asema.
Nasi tunapumua, tunakumbuka kula.

Usiku wa manane treni ililia ikiingia.
Niliamka na kiu,
nikanywa kikombe kizima gizani, kwa pupa,
nikapaliwa.
Kidogo tu. Mara moja.
Nina miaka hamsini na miwili.
Nikaziba mdomo kwa upindo wa shuka, nisimwamshe.

Chumba cha pili kitanda kikalia.
“Nani huyo,” sauti yake, kavu, macho kabisa,
“kapitisha bila bendera?”