Maradhi ya Kabla

Kurasa kumi na mbili, nimezitandika juu ya cherehani,
hapa Maabela, kiyoyozi kinakoroma,
nje joto limefika arubaini na sita.
Biju, wakala, kijana wa Kerala mwenye kalamu mbili mfukoni,
kaniachia tangu Jumatatu. Soma taratibu, Mama.
Akanywa chai yangu, akaisifu iliki,
kisha mlangoni, kiatu kimoja mguuni, akageuka:
Hapo penye sukari, Mama, unaweza ukaruka.

Nami sukari ninayo tangu mwaka wa Gonu,
tulipokuwa Ghubra, maji yakaingia mpaka kabatini.

Basi napima. Kwa futi ya kitambaa,
maana mizani sina.

Huku: riali mia mbili na kumi na nne kwa mwaka.
Kadi ngumu, yang'aa, ina jina langu lote hadi la babu.
Hospitali ya vioo kule Al Khuwair,
na daktari wa goti siku hiyohiyo.
Miadi yangu ya serikali ni mwezi wa Machi.
Leo ni Septemba. Goti halijui Machi.

Huku: kila nikikohoa, khumusi natoa mfukoni.
Meno hayamo. Macho hayamo,
nami mshona kofia, vitobo mia tisa kofia moja,
macho ndiyo shamba langu.
Na ukurasa wa saba, kwa herufi za sisimizi:
maradhi yaliyokuwepo kabla hayatalipiwa.

Kabla ya nini?
Sukari nimeipokea kwa mama, mama kwa bibi
aliyeiita kiu tu,
akanywa mtungi mzima, akafa na kiu yake.
Goti ni miaka thelathini ya kukanyaga pedeli.
Presha kaniachia marehemu, pamoja na madeni.
Mwili wote huu ulikuwepo kabla.
Wao wanamtaka mwanamke aliyezaliwa Jumatatu,
siku moja na mkataba.

Nikamwendea Shinuna, nyumba ya tatu. Ana kadi yao.
Jiwe la nyongo lilimshika usiku wa manane,
wakampokea kama bibi harusi,
kitanda kinapanda na kushuka kwa kidude,
wakampasua, wakampa na maua.
Baada ya wiki sita ikaja barua:
daktari wa kampuni amelitazama jiwe,
jiwe lina umri kuushinda mkataba.
Riali elfu moja na mia nane. Bangili mbili zikaenda.
Nikamuuliza, ungejua, ungekata bima ile?
Akautazama mkono mtupu.
Ningekata, akasema.
Usiku ule hakuna aliyeniambia ngoja.

Tulifunzwa kuwa kinga ni bora kuliko tiba.
Tukafunzwa pia, kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Sijapata kujua kama ni neno moja au mawili
mpaka niliposhika kinga yenye bei.

Muhanna kanipigia kutoka Sohar:
Mama, liruke hilo la sukari, kila mtu huruka.
Kwa goti hili, mwanangu?

Nikaandika: sukari. Nikaandika mwaka.
Nikaandika na goti, maana mkono ulishachangamka.
Jana Biju akapiga simu, sauti chini, kama anayetoa pole:
mia tatu na sabini na moja.
Nikahesabu kwa kofia, moja riali thelathini:
kumi na mbili, na ya kumi na tatu iliyoanzwa.
Kumi na mbili ni miezi mitano, macho yakikubali,
macho ambayo hayamo.

Nimewasha taa mchana. Nimetia uzi sindanoni,
mara ya nne ndipo ukapita.
Sahihi, bado.
Kalamu moja ya Biju imo kwenye kopo la vifungo.
Aliisahau,
au aliiacha.