Ridhaa, Kidato cha Tatu

Jumatatu, Kitangali, kipindi cha pili,
niliandika ubaoni kwa chaki iliyolowa:
Misingi ya siasa ya Wamarekani.
Uhuru. Usawa. Mtu na juhudi zake.
Serikali kupata nguvu kwa ridhaa ya watu.
Na haki ya kuitafuta furaha.
Hapo darasa zima likacheka.
"Inatafutwa wapi, mwalimu? Masasi?"
aliuliza Somoe Chinduli, vidole vyake
vina madoa ya utomvu wa korosho.
Nikasema: hawakuahidiwa kuipata,
waliahidiwa njia isiwekwe geti.
Nikajiona nimesema. Kengele ikalia.

Alhamisi, mnada. Ghala la chama cha msingi,
magunia yamepanda hadi kwenye kenchi,
wanunuzi hawapo, zipo bahasha zao.
Karani akazifungua, akasoma bei
kama anayesoma majina ya waliofeli.
Ya juu kabisa haikuifikia ya mnada uliopita.
Mwenyekiti Nambunga akafuta jasho:
"Wenzangu, tumekubali?"
na akaanza kupiga makofi yeye mwenyewe.
Tukamfuata.
Mimi pia, mwalimu wa ridhaa,
magunia yangu saba, deni la salfa,
ada ya mdogo wangu;
viganja vikakitangulia kichwa.

Ndipo mama yake Somoe akasimama,
kanga kaikaza kiunoni:
"Makofi hayana idadi, Mwenyekiti.
Hesabu mikono. Na wasiotaka nao uwahesabu."

Waliotaka, mia na kitu.
Wasiotaka, mikono kumi na mmoja.
Tukauza.
Lakini hakuondoka mpaka karani aandike
kumi na moja, kwa tarakimu na kwa maneno,
akainama juu ya daftari
kusubiri wino ukauke.

Leo usiku nasahihisha majaribio.
Swali la nne: eleza maana ya ridhaa.
Wengi wamenakili ubao, koma kwa koma.
Somoe kaandika:
"Ridhaa ni kuulizwa
na anayeuliza awe tayari kusikia hapana.
Mama alisema hapana.
Mwalimu alipiga makofi,
sijui yeye alisikia ameulizwa nini."

Mwongozo wa kusahihisha una jibu jingine.
Kalamu nyekundu ninayo mkononi,
taa ya sola imeanza kufifia,
na huko barabarani malori yanashuka
na korosho zetu, moja baada ya jingine,
sijui ni mangapi. Sikuyahesabu.