Sahani ya Saa Saba

Saa saba kasoro, mhuri naurudisha kwenye droo,
nafunga masjala kwa kitasa kinachong'ang'ania,
nashuka barabara ya stesheni upande wenye kivuli,
miguu ikiijua njia kuliko mimi.

Kwa Mama Kashindi hakuna kibao.
Kuna pazia la kitenge, maua yake yamebaki fununu,
kuna ndoo ya bomba na kipande cha sabuni ya mawese
chenye vidole vya wote waliotangulia.
Unanawa. Unakaa pale mtu mwingine anaposogea.

"Kuna nini leo?" nauliza, ingawa najua.
"Kuna ulichokula jana, ila leo kimeiva."
Ugali wa muhogo, unaovutika,
usiotaka kuachana na kidole;
mgebuka umekaangwa ukiuma mkia wake mwenyewe
kama mtu aliyekumbuka deni;
sombe imeogeshwa mawese mpaka ukingoni mwa sahani,
na pilipili moja nzima, haijapasuliwa,
ya kukutisha tu.

Jumanne nilifanya dhambi.
Sadoki, kijana wetu mpya, viatu bado vinalia,
alinivuta ng'ambo, kwenye vioo na feni,
kwenye picha za chakula kikubwa kuliko chakula.
"Mzee Ruhwanya, leo tule baga."
Ukaja mkate wa mviringo, wa ghorofa,
nyama, kabichi, nyanya, kitu cha njano kinachotiririka,
na kijiti kimechomekwa juu
utadhani mkuu wa wilaya yumo ndani.
Niliuzunguka nikitafuta mlango.
Kinywa changu kimezoea tonge, nakipimia mwenyewe.
Nilipouma huku, nyanya ilitorokea kule,
ikatua kwenye tai.
Ulikuwa mtamu, sitasema uongo.
Ila kila mtu na chake, kila mtu na simu yake,
na hakuna aliyeniambia: sogea.

Jumatano nikanawa muda mrefu, kama daktari wa upasuaji.
Mama Kashindi alikuwa anasonga,
mwiko kwa mikono miwili, mgongo kwangu.
Hakugeuka.
"Hiyo tai," alisema, "ina nyanya isiyo yangu."

Benchi zima likaangua kicheko.
Fundi redio akapaliwa, karani wa mizigo
akampiga mgongoni, vumbi la saruji likaruka kutoka mkononi mwake
likatua kwenye mchuzi wa kila mtu.
Kona ya mwisho alikuwapo mwanamke nisiyemjua,
ametoka Maweni, na bahasha ya picha ya kifua
ameilaza mapajani kama mtoto aliyesinzia.
Alikuwa hajagusa chakula.
Naye akacheka, kidogo, akakohoa,
akacheka tena, kisha akamega tonge.

Kuna daftari linaloning'inia kwa kamba ya katani
karibu na pipa la maji. Mama Kashindi haandiki majina.
Redio: elfu tatu.
Saruji: elfu sita mia tano, *anasema mwisho wa mwezi, mwezi upi*.
Mimi ni Mhuri. Mhuri: elfu nne,
na chini yake, kwa kalamu iliyokandamizwa:
*Jumanne hakuonekana.*

Yule mwanamke alifungua pindo la khanga, akahesabu,
akahesabu tena. Mama akamfunga pindo kwa mkono wake,
akalivuta daftari, akalamba kidole.
Niliinama kama nafunga kamba ya kiatu, nikasoma:
*Bahasha: akipona.*

Honi ya treni ikalia, saa nane kasoro, au karibu.
Nilipanda mlima taratibu, tumbo mbele.
Masjala palikuwa na foleni. Nikaipokea hati ya kwanza,
kiwanja cha mtu kule Katubuka, karatasi safi,
nikaigonga mhuri kwa heshima zote za serikali.
Pembeni ya mhuri kilibaki kidole changu,
chekundu, cha mawese,
na sikukifuta.