Risasi

Nyeupe mbili ni za moto, usiulize ipi inatangulia,
hazina kichwa wala mkia.
Mweusi ndio unaosema.
Wa kijivu unasikiliza, na huo usiufunge bodini:
upeleke mpaka kwenye kompyuta ya injini, peke yake,
siri haipitishwi sokoni.

Hayo nilimwambia Muhanna
siku aliyoleta injini ya Subaru juu ya pikapu,
imefunikwa shuka la maua,
Sanaiya ya Maabila, saa tano asubuhi,
spana ukiisahau juani huishiki bila kitambaa.
Gari lenyewe liligongwa njia ya Nizwa, likafa.
“Moyo mzima,” akasema. “Nautia kwenye ndege.”

Miaka thelathini nafunga nyaya za magari.
Gari likizima, dereva hushuka, hutukana, hupiga simu.
Juu ya Barka, futi elfu tatu,
atashukia wapi? Atamtukana nani?

Basi nikafanya kazi kwa adabu.
Nyeupe nikazipa fyuzi yao,
hita ikiungua isiondoke na pampu ya mafuta.
Nikazipitisha mbali na plagi, mbali na ekzosi.
Na kwenye maungio nikalehemu,
nikalehemu, jamani, mkono wa mpaka hina:
risasi ikayeyuka, ikatambaa, ikang'aa.
Muhanna akapiga picha.

Tukaiwasha. Ndege tumeifunga kamba kwenye lori la maji,
rafadha inamwaga vumbi mpaka kwa Rafiq mfua mabati,
naye akafunga mlango kwa teke.
Mshale ukacheza: nukta nane, nukta mbili, nukta nane,
ndivyo unavyotakiwa.
Dakika ya kumi ukachoka.
Ukashuka. Ukalala.
Kompyuta ikadhani injini ina njaa,
ikaongeza petroli, ikaongeza,
moshi mweusi tii ukatuvaa nguo.

“Umetia mafuta ya ndege?”
Maana yale yana risasi, na risasi huua kihisi.
“Wallahi ya kituoni, tisini na tano.”

Siku tatu. Nilibadilisha kihisi, nikalehemu tena, vizuri zaidi.
Kikafa kile kile kifo.

Usiku wa nne, jikoni, nikakata waya wa kihisi cha zamani,
urefu wa shibiri,
ncha moja nikaizamisha kwenye glasi ya maji,
ncha ya pili nikaitia mdomoni, nikapuliza.
Sijui kwa nini. Mtu aliyeshindwa hufanya lolote.
Kikatoka kipovu.
Kidogo, punje ya mtama. Kisha kingine.

Kumbe inapita hewa, kati ya nyuzi na ngozi ya waya.
Kihisi hakiujui moshi kwa moshi peke yake.
Upande mmoja kimeelekezewa moshi,
upande wa pili kinataka hewa ya nje, ipate kulinganishwa,
na hiyo hewa kinaivuta kupitia waya.
Nami nimeiziba. Kwa ustadi.
Risasi niliyoikimbia kwenye tangi
nimeitia kooni kwa mkono wangu.

Marehemu baba alitaka nyumba iseme Kiarabu tu,
tangu siku waliyotua Maskati.
Aliziba vizuri, naye alikuwa fundi.
Mama akasema jikoni.

Asubuhi nikakata maungio yote,
nikabana kwa koleo, shaba kwa shaba, pasi na risasi.
Sura mbaya. Muhanna hakupiga picha.
Dakika ya kumi mshale unacheza.
Ya ishirini unacheza.
Rafiq akafungua mlango, akatazama, akarudi kwenye mabati yake.

Nimemwekea na swichi ya kukikata kihisi,
akiwa juu asitegemee neno la mmoja.
Kama ataruka, sijui; karatasi ziko mezani kwa mtu, ofisini.
Ile glasi mke wangu kaiosha mara mbili.
Anasema bado inanuka raba.